Mtii na Mhalifu Katika Fasihi Yetu

Mwenye kuzisoma riwaya za Kiswahili za upelelezi ataona kwamba karibu zote zimejengwa juu ya swali moja, nalo ni "Nani?" Nani aliyeua, nani aliyeiba, nani aliyeficha. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha Mohamed Said Abdulla kilichochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa huyaweka kando mazungumzo ya mizimu na kulitafuta jibu kwa akili. Katika *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, Inspekta Wingo anahangaika kumsaka mwuaji katika jiji la Dar es Salaam. Na katika *Kufa na Kupona* ya A. E. Musiba, ya mwaka 1974, Willy Gamba anapambana na majasusi, na adui ni mtumishi wa maadui wa uhuru wa Afrika. Hatukusudii kuvibeza vitabu hivi. Vimewavuta watu wengi kwenye usomaji, na vimeonyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuchunguza jambo hatua kwa hatua. Lakini swali la "Nani?" likishajibiwa, kitabu hufungwa, na msomaji hulala akiamini kwamba uovu umekwisha kwa kuwa mwovu ametiwa pingu.

Kuna swali la pili, nalo ni "Kwa nini?" Na nyuma ya hilo lipo la tatu, ambalo ni gumu kuliko yote: kwa nini walio wengi hawafanyi? Huko Tandale na Mwananyamala katika Kinondoni, huko Keko, Tandika na Mbagala katika Temeke, kila usiku watu malaki hulala nyuma ya milango ambayo teke moja lingetosha kuivunja. Asubuhi wengi wao huikuta sufuria uani pale pale walipoiacha. Jambo hili ni kubwa kuliko wizi wowote, lakini halina mwandishi wake. Dai letu katika makala hii ni kwamba fasihi yetu imemwinda mhalifu bila kumchunguza mtii. Na maadamu hatujui ni kitu gani kinachomfanya jirani yetu atii, hatuwezi kujua ni kitu gani kilichokatika kwa yule aliyeasi.

Wanazuoni wa elimu ya jinai wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya karne mbili. Yafaa tuyapime majibu yao kwa vipimo viwili tulivyo navyo karibu: vitabu vyetu na mitaa yetu.

Jibu la kwanza, na ndilo jepesi vinywani mwa watu, ni hofu. Mtu hutii kwa kuogopa adhabu. Mwitalia Cesare Beccaria alilieleza jibu hili kwa ufasaha mwaka 1764, na wengi wanaolitumia husahau sharti alilolitia: kwamba kinachozuia uhalifu si ukali wa adhabu bali uhakika wake. Adhabu ndogo isiyokwepeka hushinda adhabu kubwa inayompata mmoja na kuwaacha tisa. Nchi yetu ililijaribu jibu hili mapema. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu, iliyomlazimisha hakimu kutoa kifungo na viboko kwa baadhi ya makosa ya wizi na rushwa; na mwaka 1972 sheria hiyo ikapisha nyingine. Wizi na rushwa havikukoma. Fimbo ilikuwepo, lakini mkono wa kuishika haukuwa kila mahali.

Katika fasihi yetu, mwandishi aliyelijibu jambo hili vizuri kuliko wengine ni Euphrase Kezilahabi, naye hakuandika habari za wezi hata kidogo. Katika *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, Zakaria, baba mlevi, anampiga vibaya bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Kutoka siku hiyo Rosa ni mtiifu mno; huwaogopa wanaume kama mtu aogopavyo nyoka. Kisha anatoka nyumbani, macho ya baba hayafiki tena aliko, na utii ule wote unaporomoka. Watu wengi walikishutumu kitabu hiki kwa kusema mambo ya aibu. Kwa maoni yetu walikisoma upande mmoja tu. Kezilahabi alikuwa akituonyesha kwamba utii wa hofu hukaa kwa mchungaji, haukai kwa mchungwa. Mchungaji akigeuka, umekwisha. Mzazi wa Mbagala anayemfunga mwanawe kamba na kumchapa ili asiende kijiweni angefaidika na kitabu hiki kuliko na hotuba kumi.

Jibu la pili ni umaskini. Mtu huiba kwa kuwa hana. Jibu hili limeandikwa kwa makini zaidi na Mmarekani Robert Merton mwaka 1938. Alisema kwamba jamii huweza kuwaonyesha watu wote lengo moja, yaani mali na fahari, huku njia za halali za kulifikia lengo hilo zikiwa za wachache. Aliyefungiwa njia ama hukata tamaa, ama huasi, ama hutafuta njia ya mkato. Mwenye kuutazama mkoa wa Dar es Salaam hawezi kulipuuza wazo hili. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anapita kila siku mbele ya maduka yenye vitu vyote asivyoweza kununua, na magari ya watu wengine humrushia vumbi akienda kutafuta kibarua.

Pamoja na hayo, ni lazima tuseme wazi kwamba jibu la umaskini, likisemwa peke yake, ni tusi kwa maskini. Kama ufukara ungekuwa ndio mama wa wizi, basi mitaa ya Temeke ingekuwa haikaliki hata kwa siku moja, maana walio fukara ni wengi na walio wezi ni wachache. Mama auzaye maandazi alfajiri kando ya barabara ya Kilwa ana shida kuliko wengi waliowahi kusimama kizimbani. Tena, taifa letu lilipoendesha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, waliokuwa wakitafutwa hawakuwa wenye njaa. Walikuwa ni wenye maghala. Na Tumaini, katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Kezilahabi, ya mwaka 1975, si maskini. Ni kijana aliyerithi mali, akaitapanya, akajipatia nyingine, kisha akawa mwuaji pale mali hiyo ilipotaka kuondoka mikononi mwake. Mwandishi ametukumbusha kwamba hofu ya kupoteza huua kama njaa iuavyo.

Jibu la tatu ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Mwaka 1969 mwanazuoni wa Marekani, Travis Hirschi, aligeuza swali lenyewe. Tusiulize kwa nini watu huvunja sheria, alisema, kwa kuwa kila mtu ana tamaa. Tuulize ni nini kinachowazuia. Akataja vifungo vinne: watu unaowapenda na usiotaka kuwaaibisha, kitu ulichokwisha kukijenga ambacho utakipoteza, shughuli inayokushika mchana kutwa, na imani kwamba kanuni yenyewe ni ya haki. Mambo haya manne yanakaa katika nyumba zetu za Kiswahili tangu zamani. Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, uani pamoja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia, huwafanya wapangaji wasiokuwa ndugu wajuane hata kikohozi. Mwanamke anayecheza upatu na wenziwe tisa hawezi kukimbia na zamu yake. Si kwa kumwogopa polisi, bali kwa kuwa kesho atakutana nao bombani. Kijana anayeitwa kwa jina la babake kila akipita hufikiri mara mbili.

Viongozi wetu wa awali waliliona jambo hili. Mpango wa balozi wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ulikuwa wa siasa, lakini nguvu yake mitaani ilitoka katika ujirani: balozi alijua nani amepata mgeni na nani amepigana na mkewe. Utafiti wa wanazuoni Marshall Clinard na Daniel Abbott, waliolinganisha mitaa miwili maskini ya Kampala, Kisenyi na Namuwongo, na kuutoa katika kitabu cha mwaka 1973, ulielekea huko huko. Mitaa yote miwili ilikuwa maskini, lakini pale watu walipotembeleana zaidi, walipojiunga na vyama vyao zaidi na walipokuwa na familia zilizotulia, wizi ulikuwa haba. Na ulinzi wa sungusungu, ulioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kuingia katika mitaa ya Dar es Salaam, ulisimama juu ya msingi huo wa kujuana.

Lakini tusilipokee jibu hili bila kulikosoa. Kifungo kinachomshika mtu chaweza kumshika kwenye mabaya pia. Edwin Sutherland, aliyeandika kabla ya Hirschi, alisema kwamba uhalifu hufundishwa kama ufundi mwingine wowote, na hufundishwa na watu wa karibu. Kijiwe kina upendo wake. Kina lugha yake, mzaha wake, deni la heshima, na mkubwa anayesikilizwa. Kijana asiyeitwa kwa jina la babake nyumbani ataitwa kwa jina jipya kijiweni, naye atalilinda jina hilo kwa panga. Kwa hiyo swali si kama mtu ana vifungo au hana. Swali ni nani aliyetangulia kumfunga.

Hapa ndipo linapoingia jibu la nne, yaani haki. Mwaka 1990 Tom Tyler, aliyewahoji wakazi 1,575 wa mji wa Chicago, alionyesha kwamba watu hutii sheria zaidi pale wanapoamini kwamba mwenye mamlaka ana haki ya kuwaamuru na kwamba amewatendea kwa insafu, hata kama uamuzi wenyewe haukuwapendeza. Msomaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba hili ni jambo jipya. Miaka karibu arobaini kabla ya Tyler, Shaaban Robert alituandikia *Kusadikika*, kilichochapishwa mwaka 1951. Karama anashitakiwa kwa kosa la ajabu: kutaka kuwafundisha raia sheria. Mshitaki wake, Majivuno, anaona kwamba raia akiijua sheria ataidharau serikali. Karama anajibu kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kwa manufaa ya nchi, na kila mmoja aliporudi na mema akatupwa kifungoni. Hoja ya kitabu ni kwamba nchi inayomfunga mtumishi wake mwema inawafundisha raia kwamba wema na kifungo ni kitu kimoja. Raia wa namna hiyo akitii, hutii kwa magoti, si kwa moyo. Shafi Adam Shafi naye, katika *Kuli* ya mwaka 1979, anatuonyesha upande wa pili: Rashidi anavunja amri kwa kuwa amri yenyewe imewavunja wenzake.

Mitaa yetu ina mfano wa jambo hili ambao kila mmoja anaupanda kila siku. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi ya shirika la UDA yalikuwa machache kuliko abiria. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari yao, nao sheria iliwaita wavunjaji wa sheria. Abiria wa Manzese na wa Temeke, wafanyakazi waadilifu, wauguzi, walimu, makarani kama sisi, walipanda magari hayo kila asubuhi ili wawahi kazini. Kwa maneno mengine, walivunja sheria ya usafiri ili watii sheria ya kazi. Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu wenye magari hayo kufanya kazi kwa leseni, na daladala ikawa jina la heshima. Mwanazuoni Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya Manzese na Buguruni katika miaka ya 1980 na kuandika kitabu mwaka 1997, aliona jambo hilo hilo katika biashara ndogondogo: watu walitii kanuni zilizowezekana, wakazipita pembeni zisizowezekana, hadi serikali yenyewe ikazibadilisha. Fundisho ni hili: sheria isiyotiika bila kufa njaa haiwafanyi watu kuwa wema, huwazoesha kuvunja, na mazoea hayo huenda yakavuka kutoka kwenye kanuni mbaya hadi kwenye kanuni njema.

Jibu la tano linatuhusu sana sisi watunzi, kwa kuwa ni habari ya maneno. Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba mhalifu huumbwa pia na jina. Mtu hutenda kosa moja. Jamii humpa jina. Jina humfungia milango ya kazi, ya ndoa na ya urafiki. Naye hubaki na wale tu walioitwa hivyo hivyo. Kiswahili kina historia ndefu ya majina haya. Neno "mhuni" zamani lilimtaja mtu azururaye, asiye na makazi wala mke. Wakati wa ukoloni lilikuwa jina la kila Mwafrika aliyeonekana mjini bila ajira, na ilikuwepo sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mjini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Baada ya uhuru tuliwafukuza wakoloni, lakini jina tuliliacha ndani ya nyumba. Wasio na kazi walipelekwa vijijini katika miaka ya 1970, na tena kwa sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983. Baadhi ya vijana wa jiji walipelekwa Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni. Jina la kijiji hicho kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Jina hilo ni bora kuliko "mhuni" mara mia, kwa kuwa linamwachia mtu nafasi ya kesho.

Leo tuna "kibaka", na tuna "Panya Road". Jioni ya tarehe 2 Januari 2015, jina hili la pili peke yake lilitosha kufunga maduka na kuwakimbiza watu katika mitaa mingi ya Kinondoni. Wengi walikimbia uvumi. Mwaka 2022 jina lilirudi, na safari hiyo palikuwa na nyumba zilizovamiwa na mtu aliyeuawa huko Kawe. Hatusemi kwamba vijana hao hawakuwa wakatili. Walikuwa wakatili, na waliojeruhiwa kwa mapanga wana haki ya kulia na kudai. Lakini tuangalie neno lenyewe. Panya halelewi, haonywi, hasamehewi, panya huuawa. Tukisha kumwita mtoto wa miaka kumi na sita panya, hukumu yake tumekwisha kuitoa kabla hajafika kwa hakimu. Na neno "Mwizi!" linapopigwa mtaani, watu wale wale waliokuwa watii tangu asubuhi, wauza mihogo, mafundi viatu, waumini, huokota mawe na kutafuta tairi. Hapo ndipo nadharia zote zinapopata mtihani wao. Wauaji wa kibaka si wahuni. Ni majirani zetu. Wana familia, wana kazi, wana imani. Vifungo vyote vinne vya Hirschi wanavyo. Wanaua kwa kuwa wameacha kuamini kwamba kituo na mahakama vitawatendea haki, na kwa kuwa neno limekwisha kumtoa yule kijana katika hesabu ya watu.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kazi hii si ya polisi peke yao, wala ya wanazuoni peke yao. Ni kazi ya fasihi. Mwandishi ndiye anayeweza kumrudishia panya jina lake la kibinadamu bila kumfutia kosa lake. Mwandishi ndiye anayeweza kutuonyesha kijana wawili wa nyumba moja ya Tandika, waliokula chungu kimoja, mmoja akawa fundi magari na mwingine akashika panga, na kututaka tutafute njia zao zilipoachana. Huenda ikawa ni mwalimu mmoja aliyemwuliza mmoja wao, "Mbona jana hukuja?" na hakumwuliza mwenzake.

Tunawataka waandishi wetu, hasa vijana wanaokaa katika mitaa hiyo hiyo, watuandikie riwaya ya mtii. Isiwe ya malaika, maana mtii wa Mbagala si malaika: huunganisha umeme, hupanda daladala bila nauli kamili, humdanganya mwenye nyumba tarehe ya kodi. Hata hivyo hamwibii mtu. Kati ya makosa anayojiruhusu na makosa asiyoyagusa upo mpaka, na hakuna askari aliyeuweka mpaka huo. Nani aliuweka, lini, na kwa gharama gani? Atakayetujibu atakuwa ametufaa kuliko kumkamata mwuaji katika ukurasa wa mwisho.